Mguu wa Baba Yako

Jang'ombe, baada ya magharibi

Mwanangu Suleiman,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka sasa hivi na kanzu uliyoipiga pasi mwenyewe, unakwenda kuwaaga wajomba zako. Na hali yangu utaiona ukirudi. Nnakuandikia kwa herufi za Kiarabu, zile za chuoni, maana ndizo nilizofunzwa, na wewe najua hukuzisahau. Isome ukishafika Dar es Salaam. Usiisome melini mbele ya watu.

Sikuandikii habari za sala, wala za marafiki, wala za kuweka pesa pahala pasipoonekana. Hayo nshakwambia mpaka umechoka, na wajomba zako hivi sasa wanakwambia tena. Nataka kukueleza jambo moja ambalo sijalisema tangu baba yako alipofariki. Kila nikitaka kulianza nakukuta unakula, na mimi siwezi kuyatoa maneno haya mbele ya mtu anayekula chakula changu.

Juzi asubuhi nilikuona uwani. Umekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, unatoboa tundu jipya kwenye mkanda wako kwa msumari. Nikakuuliza, "Mkanda umekatika?" Ukacheka. "Haukukatika, mama, unanibana tu. Udereva umenipenda." Huna hata mwaka mzima tangu ushike ile gari ya mikate hapa mjini. Sasa unakwenda kwenye malori ya mpakani mwa Zambia, safari ambayo umenambia mwenyewe kwamba dereva hukaa kwenye usukani tangu alfajiri mpaka giza, na kesho yake hivyo hivyo. Niliingia jikoni nikakaa chini. Wewe ulidhani nnalia kwa sababu unaondoka.

Baba yako wewe umemjua mnene. Mimi niliolewa na mtu mwengine. Vuai niliyeolewa naye alikuwa mchukuzi bandarini. Kutwa anabeba magunia ya karafuu mgongoni, jioni anarudi kwa miguu mpaka hapa, na akishakoga hakai, atatoka tena akatazame mpira. Shingo yake ilikuwa imejaa kwa kazi, lakini mbavu zake ungeziona zote. Alikula kama moto unavyokula makuti, na chakula kikapotea usijue kimekwenda wapi.

Mama yake, bibi yako wa Matemwe, alikuja kututazama siku chache baada ya fungate. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akasema mbele ya majirani, "Mwanangu mbona mkavu hivi? Huku mjini hakupikwi?" Mimi nilikuwa msichana mdogo, hina bado imo mikononi. Watu walicheka kidogo tu, lakini mimi kicheko kile nilikisikia miaka na miaka. Nikaapa moyoni kwamba yule bibi hatanambia tena neno lile.

Kisha baba yako akajifunza gari, akapata kuendesha gari ya abiria, ile yenye bodi la mbao, baina ya Darajani na Matemwe. Mwanangu, hujui ilikuwa fahari gani. Mke wa mchukuzi hakuwa na jina, lakini mke wa dereva alikuwa mtu. Nikipita, wanawake wananiuliza gari itaondoka saa ngapi kesho, kana kwamba nnaiendesha mimi.

Hapo ndipo nilipoanza kumlisha. Kabla ya alfajiri chai ya maziwa na maandazi, tena sukari naitia kwa mkono mkunjufu. Darajani, abiria wakiwa wanajaa, anakunywa chai ya pili na kachori. Njiani nako kila mtu anamlisha, maana dereva ndiye aliyebeba barua zao, na nazi zao, na wagonjwa wao, na watu wa shamba humshukuru mtu kwa sahani. Kinyasini wanamletea muhogo wa nazi dirishani. Matemwe anamsubiri mama yake na wali na pweza. Akikataa huambiwa anaringa. Akirudi usiku nami nimepika upya, kwa sababu kwangu chakula cha njiani hakikuwa chakula.

Na kutembea kukaisha. Ile gari ililala mlangoni petu, kwa hiyo safari yake ya miguu ikawa kutoka kitandani mpaka garini. Hata msikitini, hapo unapopafika kabla hujamaliza kupiga chafya, alikwenda kwa gari. Maji njiani alikuwa hanywi, kwa kuwa akinywa itabidi asimame akajisaidie, na abiria watanung'unika. Kiu yote anakuja nayo nyumbani, na mimi namsubiri na jagi la sharubati.

Tumbo likaja. Watu wakanipongeza. Bibi yako alipomwona safari hii alinishika mkono akaubusu, akasema, "Sasa mwanangu ana mke." Nisikufiche, siku ile nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Mwaka mmoja kabla ya Mapinduzi, wewe ukiwa skuli, baba yako akaanza kuamka usiku mara kwa mara kwenda chooni. Kiu haimwishi. Asubuhi nikenda kuosha choo nawakuta sisimizi wamejaa pale alipokojoa, wameshikamana kama walivyoshikamana kwenye kopo la asali. Nilimwaga maji nikawaosha, siku nyingi, kabla sijamwambia mtu.

Tulikwenda spitali pamoja. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima, akamwambia, "Bwana Vuai, una maradhi ya sukari. Mwili wako ulizoea kubeba magunia, sasa hubebi kitu ila tumbo lako mwenyewe. Dawa nitakupa, lakini dawa peke yake haitoshi. Wali uupunguze, sukari uiache, na usile kila unapopewa. Kila gari ikisimama, shuka utembee. Kunywa maji njiani, ukishikwa na haja, simama. Na miguu yako itazame kila jioni, mpaka baina ya vidole, kwa sababu maradhi haya huiba hisia za miguu kidogo kidogo na mwenyewe hajui."

Baba yako akasema, "Daktari, mie breki nakanyaga kwa mguu huu."

"Ndiyo maana nakwambia," daktari akamjibu.

Haya, mwanangu, ndiyo ambayo hukuyajua. Ulidhani maradhi yalimvamia baba yako ghafla. Hayakumvamia. Yalikuja yakabisha hodi, tukaambiwa ni nani yupo mlangoni na tufanye nini, miaka mingi kabla.

Na yeye alijaribu. Usimdhanie vibaya. Wiki za mwanzo alikuwa akiegesha gari mbali na nyumba kusudi atembee. Matemwe, abiria wakiwa wanapakia, alikwenda ufukweni na kurudi. Akanambia, "Zuhura, pakua kidogo." Nikapakua kidogo. Kisha bibi yako akaja, akaiona sahani ile. Hakusema kwa ukali safari hii. Alisema kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonichoma. "Maskini mwanangu. Mgonjwa halali na njaa."

Nikaona haya. Na nikamwonea hasira yule daktari, kana kwamba kaja jikoni kwangu akapindua vyungu. Nikaanza kuongeza. Leo mwiko mmoja zaidi, kesho samli kidogo ya kunukisha tu. Baba yako husema, "Daktari kakataza." Mimi namwambia, "Daktari hajui mwanamume anarudi na njaa gani kutoka Matemwe. Kula, baba Suleiman, nimekupikia wewe." Naye atanitazama, atacheka, atakula. Alikula kwa kunipenda, na mimi nilimlisha kwa kumpenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya. Ndiyo maana nakueleza haya. Ukija kumjua adui utajilinda mwenyewe, lakini mtu anayekupenda ana mwiko mkononi, utajilindaje naye?

Kisha Mapinduzi yakaja. Mengi uliyaona kwa macho yako. Hili hukuliona, kwa sababu nilikulaza chumba cha ndani nikakwambia usitoke. Walikuja watu na silaha, wakamtaka baba yako pamoja na gari yake. Alikwenda. Siku zikapita, mimi nimeshakaa kama mjane. Alfajiri moja nikasikia gari mlangoni. Hakuingia ndani. Alikwenda kisimani, akateka maji, akapanda nyuma ya gari akaanza kuosha mbao, ubao mmoja mmoja, kwa mchanga na kumbi la nazi. Aliosha mpaka jua likawa utosini. Majirani walifungua madirisha, wakayafunga tena.

Sikumuuliza alibeba nini. Mpaka anaingia kaburini hakunambia.

Baada ya siku hizo baba yako hakula tena kwa njaa wala kwa kunipenda. Alitia matonge mdomoni kama mtu anayeziba paa linalovuja na mvua haikomi. Usingizi ukimkataa anakwenda jikoni kupapasa vyungu. Na kutembea akaacha kabisa, maana ukitembea mjini unakutana na watu. Ndani ya gari kuna kioo baina yako na wao. Nilimwona siku moja pale Darajani, mzee mmoja kampa salamu kwa jina lake, na baba yako kainamisha kichwa akapandisha kioo.

Ningemuuliza. Ningekaa naye ukumbini nikamwambia, baba Suleiman, nieleze, hata nusu. Pengine angelia, pengine angenifokea. Mimi nikaona kupakua ni rahisi kuliko kuuliza. Huko barabarani unakokwenda utaona mambo, mwanangu. Magari hupinduka, watu hufa, na dereva anaendelea na safari. Ukiona jambo, mtafute mtu umwambie. Usilitie kinywani na wali ukalimeza, halishuki.

Miaka ikapita. Ile gari ya abiria ikaondoka mikononi mwa tajiri mwenye gari, baba yako akapewa lori la serikali la kupeleka vyakula kwenye maduka ya shamba. Kisha ikaja ile miaka ya foleni. Unaikumbuka. Mchele wa kupimiwa, unga wa kupimiwa, sukari ya kupimiwa, watu wanasimama tangu alfajiri na kapu na wanarudi na kapu. Jang'ombe nzima ilikonda. Majirani zetu walikuwa wanakwenda shamba kwa miguu kutafuta muhogo. Lakini dereva wa vyakula halali na njaa. Huku kapewa pishi, kule kapewa pishi. Nilipika wali nimefunga mlango na dirisha, nikipepea moshi kwa kipepeo cha ukindu ili harufu isitoke. Ilitoka. Mtoto wa jirani alikuwa akija kukaa kizingitini kwetu, haombi, anakaa tu.

Watu walimtazama baba yako kwa jicho baya, tumbo lile katikati ya njaa ile. Hawakujua kuwa mtu yule alikuwa anaumwa kuliko wao wote. Macho yake yalianza kuona ukungu. Vidole vya miguu vilikuwa vinamwasha, kisha vikaacha kumwasha, naye akafurahi, akanambia, "Miguu imepona." Mimi nikasema alhamdulillahi. Daktari alituambia kwa Kiswahili chepesi kabisa kwamba miguu itaacha kusema. Tuliisahau kauli ile kwa sababu tulitaka kuisahau.

Siku ya ajali alitoka hapa ameshiba. Nilimkaanga mayai kwa samli.

Aliyenisimulia ni Makame, utingo wake, mtu mzima mwenye watoto wake, asiye na tabia ya kuongeza chumvi. Walikuwa wanaingia Mkwajuni. Mwanamke mtu mzima, Bi Mize, alikuwa anavuka njia na mzigo wa kuni kichwani. Makame akamwona. Akapiga kelele, "Vuai, breki!"

Baba yako akamjibu, "Nshakanyaga!"

"Na hajakanyaga, mama Suleiman," Makame aliniambia, na machozi yanamtoka. "Nilitazama chini. Mguu umepita ubavuni mwa breki, umekandamiza bati tupu, na yeye anaukandamiza kwa nguvu zake zote, anaamini kakanyaga. Mguu haukumwambia kitu."

Bi Mize alifia pale pale, na kuni zake zimetawanyika njiani.

Polisi walipomwambia baba yako avue viatu, soksi ya mguu wa kulia ilikuwa imegandana na damu. Msumari wa soli ulikuwa umempenya kwenye unyayo. Kidonda hakikuwa cha siku ile, kilikuwa cha siku kadhaa, kimeshaoza pembeni. Alikuwa akikanyaga juu yake akija ndani, akitoka nje, akipanda lori, na hakujua. Na mimi niliyekuwa namfulia soksi niliiona damu, nikadhani ni kutu ya maji.

Nilikwenda Mkwajuni mazikoni pamoja na wanawake wa hapa. Baba yako yuko kituo cha polisi. Wewe ulitaka kunisindikiza nikakukatalia. Niliingia nyumba ya watu niliowafishia mama yao, nikakaa mkekani karibu na mlango, na hakuna aliyenitukana. Binti wa marehemu, Bi Salama, mwanamke wa umri wangu, alikuja akakaa karibu yangu.

Nikamwambia, "Sina la kusema, dada yangu."

Akasema, "Usiseme. Siku ya mama ilifika. Kadari ya Mungu haina dereva."

Kisha akaniletea sahani ya wali. Wakati ule wa foleni, mwanangu! Kijiji kizima kilichanga punje zake ili wageni wa msiba wasiondoke na njaa. Niliitazama sahani ile nikashindwa kuinua mkono. Bi Salama akanambia, "Kula, dada. Umetoka mbali." Nikala. Nilikuwa nnajua jambo ambalo yeye hakulijua. Kadari naiamini, sina imani nyengine. Lakini kadari ile kabla haijafika Mkwajuni ilipitia jikoni kwangu, ikakuta chungu kinachemka, nami nikaipakulia.

Sikumwambia. Nilikosa ujasiri. Siku nyengine nitakwenda, in shaa Allah, nimwambie, akinifukuza anifukuze.

Baba yako hawakumfunga, walimnyang'anya leseni. Ule mguu ukageuka rangi, na spitali wakaukata chini ya goti. Alipozinduka alitazama pale ulipokuwa, akasema, "Ungekatwa mapema, Bi Mize angekuwa anapika sasa hivi." Hilo ulilisikia, ulikuwapo. Ulitoka nje, nami nilijua umekwenda kulia nyuma ya ukuta.

Mwaka wake wa mwisho niliyafanya yote aliyotuagiza yule daktari. Yote, na yalikuwa mepesi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba yalikuwa mepesi. Samaki wa kuchoma, mchicha au kisamvu bila ya nazi, kipande cha muhogo kisichozidi kiganja. Chai kavu. Maji kila akikumbuka. Asubuhi na jioni alizunguka uwa kwa magongo yake, anatokwa na jasho, anahema, anazunguka tena. Wewe ulikuwa unamhesabia mizunguko mkicheka pamoja. Nilimtazama akikonda mpaka shingo yake ya uchukuzi ikarudi, na siku moja akisimama pale mlangoni, jua likiwa nyuma yake, nilimwona yule kijana niliyeolewa naye. Lakini figo zilikuwa zimekwisha. Daktari alinambia kwa upole, "Bi Zuhura, tumechelewa." Alisema tumechelewa, hakusema mmechelewa. Nilimshukuru kwa hilo.

Siku za mwisho, Sikukuu inakaribia, nyumba ya jirani walipata mchele wakapika pilau. Harufu iliingia mpaka chumbani. Baba yako alikuwa amelala, akafumbua macho.

"Zuhura," akaniita, "nipikie pilau. Kidogo tu. Nionje."

Nikamwambia, "Hapana, baba Suleiman."

Katika maisha yetu yote ya ndoa sikuwahi kumwambia neno hilo juu ya chakula. Nilitaraji atakasirika. Hakukasirika. Midomo ilimcheza kidogo, kama anataka kucheka na nguvu hana.

"Lo," akasema, "kumbe neno hili unalijua."

Hakusema jengine kubwa baada ya hapo. Hakuifikia Sikukuu. Na mimi mpaka leo sijui, Suleiman. Pengine sahani moja isingemdhuru mtu ambaye alikwisha kufunga mizigo ya safari. Pengine ningempa akafa na ladha yangu kinywani. Zamani nilipotakiwa kukataa nilitoa, na nilipoombwa kutoa nikakataa. Yote mawili nnalala nayo.

Sijakuandikia haya ili ukiogope chakula. Chakula ni neema. Wala sitaki umlaani bibi yako, masikini hakujua, naye alilelewa katika njaa. Nimekuandikia kwa sababu huko njiani kila mji utakuwa na mama mmoja mwenye mgahawa, atakupenda, atakuita mwanangu, atakujazia sahani kwa sababu umekuja na gari kubwa na una sura ya mtu wa mbali. Iringa atakuwapo, Mbeya atakuwapo. Na wenzako watakucheka ukishuka kuzunguka lori kwa miguu ilhali wao wamelala kivulini. Wacha wacheke. Usione haya kusimamisha gari kwa ajili ya haja yako, mzigo hauna haraka kuliko mwili. Kila jioni vua viatu, shika nyayo zako kwa mikono yako mwenyewe, uzibonyeze, zikujibu. Siku nyayo zikikawia kukujibu, usimwambie mtu yeyote kwamba zimepona.

Na neno la hapana lianzie kwangu. Ukirudi likizo nitakuwa nimekungoja miezi, nitakuwa nimepika tangu asubuhi, na najijua, nitakujazia sahani mpaka wali umwagike. Nitakwambia, kula, nimekupikia wewe. Hapo hapo nikatalie, Suleiman. Sukuma sahani nusu. Nitanuna, pengine nitalia, nitasema umeharibiwa na Bara. Usinibembeleze. Vaa viatu utoke, utembee mpaka Mnazimmoja na kurudi, na utakaporudi utanikuta nshatulia.

Nasikia watu wanazungumza njiani, nadhani ni wewe na mjomba wako. Naikunja hii naitia mfukoni mwa koti lako.

Mungu akutie mkononi mwake, wewe na wote watakaovuka njia mbele yako.

Mama yako,
Zuhura